Uzi wa Kifua kwa Kifua

11 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Sisi hatujambo. Mgongo wa mkaza mjomba wako umetulia kidogo, na bomba la jikoni linavuja vilevile kama ulivyoliacha. Wewe je? Hiyo kazi ya uashi haijakuchubua mikono? Unakula ukashiba?

Mwandiko unaouona si wangu, ni wa mkaza mjomba wako. Macho yamekwisha, mama. Presha ya macho imemaliza la kushoto, na la kulia limebakiwa na mwanga tu, kama mtu anayetazama taa kupitia blanketi. Kinyozi asiyeona sikio la mteja hana kazi, kwa hiyo kiti na mashine nimemwachia mwenzangu. Hilo nimelimeza. Lililonikwama kooni ni la Jumamosi.

Mchezo wetu wa vita vya mezani unaujua, umekulia chini ya meza ile. Klabu bado inakutana ukumbi wa nyuma ya duka la rangi. Askari ni wale wale wa bati, kimo cha kidole gumba, nyumba ni za maboksi, miti ni ya sponji, na ugomvi ni ule ule: nani anamwona nani. Kanuni inasema askari hapigi asichokiona. Basi watu wazima na ndevu zao wanalaza shavu mezani, jicho moja wamefumba, wanapigana kelele. "Namwona!" "Humwoni, kuna ukuta!" "Naona kofia yake!" "Kofia si mtu!"

Jumamosi tulibishana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho Kifungu, yule mwenye bucha, mwenyekiti wetu, ambaye kila kifungu cha kanuni anacho kichwani, akaniuliza mbele ya watu: "Kaka, wewe siku hizi mstari wa risasi unaupimaje?"

Nikasema naambiwa.

"Na nani?"

Na mke wangu.

"Kwani mke wako ni refa?"

Watu wakacheka. Halafu wakaja na neno tamu: eti niwe mlezi wa klabu. Nikae kwenye kiti kizuri, nifungue mashindano, nigawe kombe. Nisicheze.

(Mimi mwandishi nasema: tangu siku hiyo hata chai haimshuki, na mimi masikio yamechoka na habari za kofia.)

Nishauri, mpwa wangu. Nimewapa jibu kwamba ninafikiria.

Ni mimi mjomba wako

2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo pia. Mimi mzima kabisa, mikono imeota sugu nzuri, na nakula kuliko mafundi wote hapa. Tumefika ghorofa ya tatu. Nimeanza kuaminiwa kujenga kona peke yangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya matofali, na machozi yalinitoka. Mjomba, umecheza maisha yako yote. Umemshinda kila aliyestahili kushindwa. Sasa kwa nini ujitese, usimame saa nzima mezani kuangusha miti ya watu na kusikia wanavyoguna? Ulezi ni heshima. Ukubali. Kaa kwenye hicho kiti, wakuletee chai, wewe uwasikilize wanavyogombania kofia. Pumzika sasa.

Nawapenda sana.

Mpwa wako

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, maana sijapata jibu lenu tangu Machi. Nilipopiga simu, mkaza mjomba aliniambia "yupo, ana kazi jikoni," akakata. Wewe na jikoni wapi na wapi?

Kama nilikuumiza nilipokuambia upumzike, niambie tu. Nigombeze. Kimya chako kinanipa kizunguzungu nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi, na huku juu si mahali pa kupata kizunguzungu.

Mpwa wako mwenye wasiwasi

9 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Afya tunayo, na hasira imeisha, ndiyo maana naandika. Ndiyo, uliniumiza. Kifungu akiniambia nipumzike, huyo ni mshindani wangu. Wewe nilikuweka upande wangu. Basi, tumemaliza, tusirudi huko.

Sasa sikia nilichokuwa nafanya jikoni.

Siku moja mkaza mjomba wako alikuwa anashona pindo la pazia, akaniambia, "Nishikie hapa, uvute." Nikavuta. Uzi ukakaza, na kwa kidole nikaujua wote: pale ulipogusa ukingo wa kiti, pale ulipokuwa huru. Nikainuka palepale. Nikamwambia, lete askari wawili na kopo la chumvi! Tukaweka mmoja huku, mmoja kule, kopo katikati, tukavuta uzi kutoka kifua hadi kifua. Ukigusa kopo, mkono unapata habari. Usipogusa, risasi imepita. Na habari za kofia zimekufa, maana uzi unaanzia kifuani na kuishia kifuani.

(Mimi mwandishi nasema: tangu siku hiyo sijapata meza ya kukatia vitunguu. Tumekaa kitandani na sahani mapajani kama wagonjwa.)

Nimejifunza kuipapasa meza nzima bila kuangusha kitu. Nilianza na vikombe, nikaja kwa njiti za kiberiti zilizosimamishwa. Sasa napitisha vidole juu ya kikosi kizima, na hakuna anayetikisika. Mikono hii imenyoa watoto wachanga, mama. Wepesi wake haukuanza leo.

Nikaenda klabuni na uzi wangu mfukoni. Kifungu akasikiliza, sikatai, akasikiliza vizuri. Kisha akasema: "Kaka, uzi unavutwa na mkono, na mkono una mwenyewe. Ukiupindisha kidogo, ukuta umeukwepa. Sisemi wewe utafanya. Nasema mtu yeyote anaweza." Wakakubaliana naye wote. Mbaya zaidi, nami nilikubaliana naye, kimoyomoyo. Kikao kingine ni mwisho wa mwezi huu, kabla hawajafunga majina ya mashindano. Nisipokuwa na jibu, kile kiti cha mlezi kimeshafutwa vumbi.

Mjomba wako

15 Juni

Mjomba!

Shikamoo. Afya baadaye, kwanza jibu, na barua hii naituma kwa dereva wa lori la saruji ili ifike kabla ya kikao.

Mjomba, huku uzi ndio mwalimu wetu. Hatupandishi mstari hata mmoja wa tofali bila kuuvuta. Na sikuwahi kuuvuta peke yangu! Uzi una ncha mbili. Mimi nashika huku, fundi mwenzangu anashika kule, na akilegeza nasikia, nikilegeza anasikia. Basi na nyinyi fanyeni hivyo. Anayepiga ashike ncha ya kwenye askari wake. Anayepigwa ashike ncha ya pili, mkononi mwake mwenyewe. Wakaze pamoja. Sasa abishane na nani, naye ameushika?

Na utafute uzi wa nailoni, ule mwembamba wa kuvulia samaki. Wa kushonea una manyoya, utakwaruza kuta na kuleta maneno.

Kuhusu lile la kupumzika, umesema tusirudi huko, sirudi. Nasema hivi tu: nenda ukawapige.

Mpwa wako, wa upande wako

15 Septemba

Mpwa wangu, mpwa wangu, mpwa wangu,

Salamu! Sisi wazima, wazima hasa, hata mgongo wa mkaza mjomba wako jana ulisahau kuuma. Kaa chini kwanza. Usisome hii ukiwa juu ya jukwaa.

Kikaoni nilisema maneno yako, neno kwa neno. Kifungu akashika ncha, mimi nikashika ncha, tukajaribu kwenye pembe ngumu zote alizozitaka. Mwisho akasema, "Hili siwezi kulipinga. Andikeni jina lake." Akaongeza kwamba siku ya mashindano meza zote zitatumia uzi, kwa sababu kanuni haiwezi kuwa ya mtu mmoja.

Na siku ya mashindano ungesikia ukumbi ule, mama! Wanacheza, wanavuta, wanaendelea. "Umegusa?" "Umegusa." "Haya, zamu yako." Mwenye duka la rangi, ambaye ndiye refa kila mwaka, alizunguka tu mikono nyuma kama mgeni wa harusi, hana wa kumwamulia.

Nilishinda mchezo wa kwanza, nikashinda wa pili. Wa tatu nilikaribia kufa. Fainali nikakutana na nani? Na Kifungu.

Meza ilikuwa na mto, daraja, na kinu cha zamani cha kusagia nafaka karibu na ukingo. Kila mmoja alipewa muda wa kuisoma meza kabla hatujaanza. Yeye aliisoma kwa macho. Mimi niliipapasa yote, nyumba kwa nyumba, mpaka ndani ya kinu.

Tulipigana mpaka tumebaki na wachache. Amiri wangu alikuwa juu ya daraja. Akibaki hai, nimeshinda. Kifungu alikuwa amebakiwa na mzinga mmoja tu wa kumfikia, nyuma ya kinu, na zamu ilikuwa yake. Akainama, nikamsikia anapumua. "Namwona amiri wako wazi," akasema.

"Tuvute," nikamwambia.

Nikashika ncha kwenye kifua cha amiri, yeye akashika kwenye mzinga. Uzi ukakaza. Upande wangu ulikuwa huru kabisa, sikusikia kitu. Kama kuna kilichogusa, basi ni kidogo mno, kwenye kona ya kinu, chini ya pua yake, na refa alikuwa upande wangu wa meza. Hakuna mwingine wa kuona. Nikangoja. Nikajiambia, nimekwisha.

Kifungu akasema, "Umegusa."

Refa akauliza, "Umesemaje?"

"Uzi umegusa kona ya kinu. Hakuna risasi. Zamu yake."

(Mimi mwandishi nasema: niliona uso wake. Ilimuuma, lakini hakusita. Tangu leo nyama nanunua kwake.)

Zamu yangu. Nilikuwa na mpiga bunduki mmoja ng'ambo ya kinu, ambaye kila mtu alimhesabu ni mzigo, maana kinu kizima kilikuwa kati yake na mzinga. Nikasema, "Huyu anampiga mpiga mzinga wako."

Kifungu akacheka, si kwa dharau. "Kaka, kati yao kuna jengo."

"Jengo lina dirisha."

"La kuchorwa tu. Limepakwa rangi nyeusi."

"Ingiza kidole," nikamwambia.

Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia kucha yake kwenye boksi. Kisha nikamsikia anasema polepole, "Loo." Dirisha lilikuwa tundu la kweli, upande huu na upande ule, na rangi nyeusi ya ndani imewadanganya wote. Mkaza mjomba wako akatoa sindano kwenye kanga yake bila kuombwa. Tukatunga uzi, refa akaupitisha, Kifungu mwenyewe akaupokea upande wa pili, akaweka kwenye kifua cha askari wake, akavuta. Nami nikavuta. Mpwa wangu, uzi ule ulikaza mpaka ukalia kama waya wa gitaa. Haukugusa popote.

"Huru," akasema Kifungu, kabla sijamuuliza.

Risasi ikishapata njia, dadu ndiyo inaamua kama imempata, nami nilihitaji nne au zaidi. Nikarusha dadu. Nikaisikia inabingirika, inagonga kuta za boksi lake la kurushia, inatulia. Mkaza mjomba wako amenikamata bega mpaka linauma. Anayesoma dadu ni mshindani.

"Tano," akasema Kifungu. Kisha akapaza sauti: "Tano! Kaka ameshinda!"

Sijui nani alininyanyua. Najua miguu iliacha sakafu, na mimi si mwepesi. Mwenye duka la rangi alikuwa anapiga debe tupu kama ngoma. Kombe nilikabidhiwa na Kifungu, kwa sababu ile nafasi ya mlezi haikupata mtu, na akaninong'oneza kwamba mwakani ataanza kwa kuingiza vidole kila mahali. Tulirudi nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, kombe amelibeba mkaza mjomba wako juu ya kichwa. Wapita njia wakauliza mlikuwa wapi. Akawajibu: "Vitani!"

Ni mimi mjomba wako, mshindi

1 Oktoba

Mjomba mshindi,

Shikamoo, na shikamoo mbili kwa mbeba kombe. Mimi mzima, ila sauti imekauka, na nitakueleza kwa nini.

Hukujua kwamba barua zako zina wasikilizaji. Nilipokuwa nangoja jibu la kikao, mafundi waliniona nazubaa wakaniuliza, nikawasimulia. Tangu hapo kila siku ni "Mjomba vipi?" Kwa hiyo hii niliisoma kwa sauti, wakati wa chakula, wote wamekaa juu ya mifuko ya saruji. Nilipofika pale Kifungu anasema "umegusa," mpiga ripu, anayelainisha kuta zetu kwa saruji, akasimama akavua kofia. Nilipofika kwenye dirisha, walikuwa wamesimama wote. Na nilipotamka "tano," Mjomba, jengo zima lilipiga kelele! Wengine waligonga vyuma kwa nyundo. Msimamizi alitoka ofisini mbio akiuliza nani ameanguka. Nikamwambia hakuna aliyeanguka, mjomba wangu ameshinda. Akataka asomewe na yeye, tangu mwanzo.

Sasa tuna meza. Ni mlango wa zamani juu ya madumu, nyumba za vipande vya vigae, na uzi, unajua, hatuna shida ya uzi. Tunacheza kila Jumapili. Ila jana tumekwama, na mpaka sasa msimamizi na mpiga ripu hawasemeshani. Askari amechuchumaa nyuma ya ukuta wa nusu kimo. Kifua chote kimefichwa, kichwa chote kiko nje. Msimamizi anasema anapigwa. Mpiga ripu anasema hapigwi.

Tumeacha kila kitu mezani kama kilivyo, hakuna anayeruhusiwa kugusa. Nimewaambia wangoje, Mjomba atasema.

Mpwa wako