Swali Kabla ya Kiboko

Mpendwa Baba,

Kiti chako cha mbao bado ninacho. Rangi imetoka, mguu mmoja nimeugongea msumari, lakini mgongo wake ni imara. Ndio uliokuwa kizimba chetu kule Naguru, kwenye nyumba ya bati ya polisi. Aliyekosa alisimama nyuma ya kiti, akaushika mgongo wake kwa mikono miwili, nawe ukavaa kofia ya kazi na kumsomea mashtaka.

Siku niliyokula kichwa cha samaki uliyemleta kutoka Ggaba, ulisoma kwa sauti nzito kama ya hakimu wako wa mjini, Mama akacheka hadi akakaa chini. Kisha ukauliza, "Mshtakiwa, una la kusema?" Nikasema ni paka. Ukauliza paka gani, maana hatukuwa na paka. Viboko nilivipata, lo! Ila hukuwahi kumchapa mtu kabla ya kumwuliza, hata kaka, na uongo wake wote ule.

"Fimbo ni ya zamani," ulituambia. "Machifu walichapa. Wazungu wakachapa, wakafunga, wakanyonga, na gereza lao tumelirithi sisi. Lakini kortini lazima mtu aulizwe kwanza." Wewe ulikuwa askari wa korti, wa kuwapeleka washtakiwa kizimbani, na kazi hiyo uliipenda.

Halafu wanajeshi wakachukua serikali, na baadaye korti yao ikaanza kuhukumu hata raia. Sukari iliadimika, na kuiuza kwa magendo kukawa kosa la kupigwa risasi. Wakamkamata Mama Santa, jirani yetu, kwa sukari iliyokuwa chini ya kitanda chake. Ukapangiwa wewe kumpeleka.

Yaliyotokea tuliyasikia kwa mwenzako mliyesimama naye mlangoni. Meja aliyeongoza korti hiyo alianza kusoma hukumu moja kwa moja. Ukapiga saluti, ukasema, "Afande, huyu mama hajaulizwa kama ana la kusema."

Meja akakutazama, kisha akamwambia Mama Santa aseme upesi. Akasema sukari ilikuwa ya matanga ya mama yake, na watu waliokuja kuomboleza walikuwepo kuthibitisha. Akafungwa, hakupigwa risasi.

Kesho yake asubuhi gari lisilo na namba likakusubiri langoni. Ulipanda ukiwa umevaa kofia yako. Mama alikutafuta kambi baada ya kambi, hata chumba cha maiti, na mpaka leo hatuna kaburi lako.

Mama alikufa akiwa na hasira nawe. "Si angefunga mdomo siku moja tu!" alikuwa akisema. Mimi pia nina hasira, Baba, sikufichi. Mama Santa alitoka jela, na kila Krismasi hutuletea samaki. Namshukuru, nakula, na kila mara nawaza kwamba wanawe walikua na mama yao, sisi tukakukosa wewe. Siku nyingine najivunia ulichofanya. Siku nyingine nakutaka wewe tu, basi.

Leo watoto wangu wako shule. Nimekiweka kiti katikati ya sebule, mgongo umeelekea mlangoni, kama ulivyokuwa ukikiweka. Wale wa gari hawakukuuliza kitu. Kwa hiyo nakuuliza mimi: Baba, una la kusema?

Sema taratibu. Nimekaa, nasikiliza.

Binti yako,
mla kichwa cha samaki