Sindano ya Bunduki ya Obura

Nyakoe, 9 Machi 1948

Shemeji Ouma,

Hatujambo. Wimbi la uji tulilovuna limekauka vizuri, na binti yetu Benter ameota tena meno ya mbele yaliyong'oka.

Ndugu yako Obura anakuletea bunduki uitengeneze. Utaitambua: ni ya jeshi, ikakatwa mbao iwe ya kuwindia. Atakwambia inalia “ta” tu, risasi haitoki. Usihangaike kuifungua. Haina ile sindano inayogonga risasi. Niliitoa mimi, maana yeye mwenyewe alinifundisha kuisafisha.

Tangu arudi kutoka vita vya Burma, mlango ukijibamiza anaulenga. Jumanne iliyopita mchana alifyatua. Ikalia “ta”. Mlangoni alisimama Benter, amejitwika maji.

Sindano iko chumbani kwa mama yangu, mahali mkwe hakanyagi. Mwambie za namna hiyo hazipatikani tena. Nakuomba, shemeji, usimchongee nyingine.

Mimi, mke wa ndugu yako,
Tryphosa