Folda Iliyoitwa Nakala

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo wangu huu! Nimejiponza mwenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Leo Bosi katukusanya masijala, sisi makarani watatu. Yule mzee wa mashine kuu anastaafu mwisho wa mwezi. Mashine kuu ndiyo inayotunza faili zote za wagonjwa, na haina picha wala kipanya — skrini nyeusi tu. Unaandika amri, inatii. Mfumo wake ni wa bure, eti mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuufungua aone umeundwaje. Unaitwa Linux. Nani ataichukua kazi hiyo? Mwenzangu wa dirisha la pili anaangalia kucha zake. Basi mimi huyo, mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza: niachieni mimi, mwanangu ndiye bingwa wa mambo hayo, na damu ni ile ile!

Dirisha la Pili naye akanyoosha. Wivu tu.

Bosi akasema vizuri, Ijumaa ya tarehe kumi na nne fundi atatupima wote wawili. Nikacheka kwa sauti. Nimefika chooni nimekaa juu ya ndoo. Mimi niliishia darasa la saba. Hiyo skrini sijawahi hata kuipangusa vumbi.

Jumanne, 4 Machi

Kitinda kacheka mpaka simu ikakoroma. Ndiye mwanangu wa mwisho, na jina limetokana na hapo. Yuko mbali huko, anapima maji ya visima kwa ajili ya tasnifu yake. Miaka mitatu ya kuchota, kupima, kuandika. Tarehe 28 anaikabidhi, na hapo atakuwa wa kwanza katika ukoo, upande wangu na wa baba yake, kuvaa lile joho la shahada ya pili. Mtaa mzima nimeshawaambia, hata wasiouliza.

Chumbani kwake kaacha kompyuta ya zamani, boksi linalonguruma kama lina kifua. Mfumo ni huo huo wa kazini. Kaniongoza kwa simu. Skrini nyeusi ikafunguka, kijistari kinapepesa pale pembeni. Kinanisubiri.

"Mama, haing'ati."

"Inanitazama."

"Andika p, w, d. Halafu bonyeza enta. Hapo unauliza: niko wapi?"

Ikajibu! Kweli ikajibu! ls inakuonyesha vilivyomo. cd inakuhamisha chumba. Kasema nisifanye lolote kabla ya pwd, ni kama kupiga hodi. Na mazoezi yangu niyafanyie ndani ya folda moja tu, kaiita MAMA. Kwingine nisiguse.

Mzee wangu, baba yake Kitinda, kachungulia mlangoni: televisheni imekufa? Nimemfukuza.

Alhamisi, 6 Machi

Najua kuunda folda. Najua kunakili. Najua kuhamisha. Nimejifunza kabla ya kwenda kazini, na kanga ya kulalia bado iko kiunoni. Nani kasema kichwa cha mtu mzima hakiingizi kitu?

Ila bado naogopa. Kuna amri ya kufuta, rm, Kitinda kaitaja kwa sauti ya chini kama anayetaja ugonjwa wa mtu. Hakuna kapu la taka, Mama. Kikienda, kimeenda. Halafu jambo jingine: mashine hii ukikosea inakugombeza, ukipatia inanyamaza. Hicho kimya ndiyo pongezi yake. Mimi mtu akininyamazia huwa najua nimefanya kosa.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilidhani nimeiua.

Nilikuwa nanakili picha za simu yangu ziingie folda ya MAMA — mazoezi. Katikati ikagoma: hakuna nafasi kwenye diski. Nimpigie Kitinda, hapatikani, huko visimani mtandao wa kuokoteza. Nikasimama, nikakaa, nikasimama.

Nikajiambia, mama, wewe ni mtu wa masijala. Kabati likijaa unafanya nini? Miaka kumi na tisa jibu ni lile lile. Karatasi nyeupe ndiyo asili, haiguswi. Ya waridi ni nakala. Kabati likijaa, za waridi ndizo za kwanza kuchanwa. Nimezichana magunia kwa magunia kwa mikono hii, na sijapoteza nyeupe hata moja. Waulizeni!

Nikatoka folda ya MAMA, nikapiga hodi, pwd, nikajua kabisa niko wapi. ls. Hiyo hapo: nakala. Kitinda mwenyewe kaiita hivyo, si mimi. Ndani yake imejaa mafolda ya miaka mitatu. Asili anazo kwenye kompyuta yake ndogo anayotembea nayo, sasa hizi za nini? Kasema nisiguse, najua. Lakini mtu akikuta kwa mwanawe kumejaa asifagie?

rm -r nakala. Enta.

Kimya. Pongezi!

Diski ikapumua. Picha zote zikaingia. Nikatoka kuanika nguo huku naimba, Mzee kauliza nimeokota nini. Kitinda akirudi nitamwonyesha nilivyomsafishia. Atanikoma.

Jumapili, 9 Machi

Nimenakili picha mia nne. Nimezifuta, nimezinakili tena. Mara nne! Vidole vinaanza kwenda vyenyewe. Dirisha la Pili ajiandae.

Jumanne, 11 Machi

Sijui naandikaje.

Kitinda kapiga mchana, niko dirishani na foleni ya watu. Sauti yake ya makamasi. Walikuwa wanavuka mto, mkoba ukadondoka. Yeye mzima, Mungu mkubwa. Kompyuta ndogo imekunywa maji, haiwaki. Flashi ilikuwa kwenye mkoba huo huo. Nikaanza kulia naye. Akasema, "Usilie, Mama. Nina nakala nyumbani. Nilijua iko siku."

Nikasema ndiyo.

Ndiyo nini? Sijui ndiyo nini!

"Haya ya wiki mbili ninayo kwenye daftari, nitayaandika upya. Ya miaka mitatu yako humo ndani, chumbani kwangu. Mama? Unanisikia?"

Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Nimemkatia simu mwanangu. Bibi mmoja kwenye foleni kaniuliza kama nimefiwa.

Nimerudi mbio, sikuvua hata viatu. Nikawasha. ls. Haipo. Nikaandika "rudisha". Ikanigombeza. Nikaandika "samahani". Mtu mzima, naandikia chuma samahani! Kidole kikagusa mshale wa juu kwenye kibodi, na hapo damu ikaniganda: amri zangu zinarudi. Moja baada ya nyingine, za jana, za juzi, kama shahidi anayesoma maelezo. Na ile nayo ikaja. rm -r nakala. Herufi kwa herufi.

Nikazima.

Jumatano, 12 Machi

Nilimsubiri fundi kwenye ngazi, saa ya mapumziko. Huyo ndiye atakayetupima Ijumaa, na mimi wiki nzima nimemringia. Nikamwambia nina jirani. Jirani yangu, mama mmoja hivi, kafuta folda kwa bahati mbaya.

"Kwa rm?"

"Kwa rm, huyo huyo jirani."

"Ameendelea kuitumia mashine?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

Nikasema picha mia nne. Mara nne.

Akaliweka chini andazi lake. Kumbe ukifuta, kitu hakiondoki papo hapo. Mashine inakifuta kwenye orodha tu, chenyewe bado kimelala pale pale, mpaka kitu kingine kije kilale juu yake. Mtaalamu anaweza kukitoa, kama hakijalaliwa. Sasa picha zangu! Nyuso zetu zote za harusi na za kipaimara cha wapwa, nimezilaza juu ya visima vya mwanangu, mara nne, huku naimba!

"Asiiwashe tena huyo jirani," akasema. "Hata kuiwasha tu ni kuandika, kunaweza kumaliza kilichobaki. Achomoe waya kabisa. Aniletee Jumatatu."

Yatapatikana?

"Labda. Labda nusu. Labda majina matupu."

Nikauliza, kama kwa utani, mwenye mashine atajua ni nani kafuta? Akasema mashine inakumbuka kila amri, mpaka mtu aifute hiyo kumbukumbu. Inafutwaje? Akanitajia. Neno moja na herufi moja tu. Nikaliandika kiganja cha kulia kwa kalamu ya wino; mimi huandika kwa kushoto.

Waya nimeuchomoa. Jirani kauchomoa.

Alhamisi, 13 Machi

Kitinda atafika Jumapili. Kanitumia ujumbe: Mama bingwa wangu, kesho nakuombea. Simu nimeigeuza kifudifudi.

Sijaosha mkono wa kulia siku nzima. Nimekula kwa kijiko, Mzee kanitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshinda.

Dirisha la Pili alitangulia, vidole vinaruka kama mpiga kinanda, nikajua nimekwisha. Fundi akampa zoezi la mwisho: diski imejaa, pana folda ya zamani, fanya unavyoona inafaa. Ndani ya pumzi moja kaifuta. Tena kageuka kututabasamia.

Zamu yangu. Zoezi lile lile. Nikaandika pwd. Nikaandika ls. Nikaandika pwd tena. Herufi zinatoka mbili mbili. Nikafika kwenye rm nikaitoa mikono kwenye kibodi, nikaikalia.

"Vipi, mama?" akauliza Bosi.

Nikasema sifuti. Sijui hiyo ni ya nani, sijui kama asili yake bado iko hai. Mwenye nayo aje asimame hapa, aniambie kwa mdomo wake, ndipo nitafuta.

Kimya. Nikajua nimefeli.

Fundi akamgeukia Bosi: mpe huyu funguo, anaogopa panapostahili. Wakapiga makofi. Bosi kanikumbatia, eti binti kafundisha mama, familia ya vichwa hiyo! Siku nyingine ningewapigia simu shangazi wote watatu. Dirisha la Pili kanibana: ulijuaje kuwa ni mtego?

Kwenye korido fundi kaninong'oneza bila kunitazama. Jumatatu, saa mbili, alete boksi lenyewe, kioo abaki nacho. "Na mwambie jirani yako asilie sana."

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimedeki chumba cha Kitinda. Nimebadilisha shuka. Nimelipangusa boksi kwa kitambaa kikavu, taratibu, kama mgonjwa.

Halafu nikauchomeka waya.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilifunga mlango, nikauchomeka waya, kidole kikawa juu ya kitufe. Neno liko kiganjani. Dakika moja tu: nawasha, nafuta kumbukumbu, nazima. Kesho atakuta folda haipo na hatajua. Atasema diski imezeeka. Tutalia pamoja, nitampikia, nitakuwa mama yake yule yule. Sitasikia akiniuliza: Mama, nilikwambia usiguse, kwa nini uligusa? Swali hilo naliogopa kuliko kifo, na sitanii.

Lakini kuwasha ni kuandika, kasema fundi. Pengine pale pale ndipo kimelala kisima kimoja. Kisima alichotembea siku nzima kukifikia, akarudi visigino vimepasuka, nikavikanda mwenyewe kwa maji ya chumvi.

Kidole kilikaa pale mpaka kikafa ganzi. Mzee akagonga: umo humo? Nikasema nafagia. Akasema, unafagia siku mbili hizi chumba kisicho na mtu. Akaondoka.

Nikauchomoa.

Mchana nimelisugua neno kwa sabuni ya kufulia na jiwe la kusugulia miguu. Ngozi imewaka. Bado ile herufi ya mwisho inasomeka kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Kafika saa tisa. Kakonda! Shingo kama ya kuku. Kanibeba juu juu mlangoni, huyu niliyembeba mimi, anapiga kelele "bingwa wa skrini nyeusi!" mpaka majirani wakatoka. Baba yake kashamwambia habari za Ijumaa. Nikacheka. Uso unauma kwa kucheka.

Kaleta daftari lake la wiki mbili ndani ya mfuko wa nailoni, kalifunga mara tatu. Kaliweka mezani karibu na boksi. Kalishika boksi juu kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Mama, hata sijalala kwa wasiwasi. Ngoja nioge kwanza, vumbi hili. Wewe niwashie kabisa, unajua sasa. Nikitoka nianze."

Nikasema ndiyo. Ile ile ndiyo.

Yuko bafuni. Anaimba. Ni ule wimbo wangu wa kuanikia nguo.

Nimekaa kwenye kiti chake, daftari hili liko gotini. Nimejaribu kupanga maneno. Mwanangu, kazini kwetu karatasi za waridi. Mwanangu, nilitaka kukusafishia. Mwanangu, kuna fundi. Kila nikianza, la kwanza linagoma kutoka. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu niote meno.

Waya nimeuchomoa ukutani na kwenye boksi pia, nimeuviringa, nimeukalia. Kama sitaweza kusema, angalau asiwashe. Akitaka waya itabidi aniinue, na akiniinua itabidi aniulize.

Kafunga maji ya kuoga.

Kandambili zake hizo, koridoni. "Mama, mbona sisikii muungurumo? Hujawasha?"