Siku Uliyoketi Kula Nami

Mama mpendwa,

Nilifika kidato cha pili kabla sijakuona ukila. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani natia chumvi, lakini wewe unajua sitii. Pale kwetu Kimulot ulipakua kwanza sahani ya Baba, ukafuata wavulana, ukaja kwangu, halafu ukarudi kwa moshi wako jikoni. Mgeni akitokea, alipewa kipande kilichokuwa chako. Tukimaliza, tulikusikia ukikwangua sufuria, na hiyo ndiyo habari pekee tuliyokuwa nayo kuhusu chakula chako. Hakuna aliyeuliza. Mama wa kila boma alifanya hivyo, na aliyesifiwa zaidi ni yule ambaye hata sufuria yake haikusikika.

Nakuandikia kuhusu mwaka ule nilioacha kula. Tangu tukuzike sijapata mtu wa kuuzungumza naye, kwa sababu ni wewe tu uliyekuwa ndani yake pamoja nami.

Mwanzo wake ulipendeza, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nilirudi likizo kutoka shule ya bweni nikiwa nimejifunza kufunga na kuomba. Nilianza kwa kuacha chai ya asubuhi, nikaenda hadi jioni, na nilipoona mwili unanitii nikajiona mtu wa maana. Kanisani walifurahi. Walijua kufunga ni kazi, na huyu hapa msichana anayefunga akitabasamu! Wenzako wa kikundi cha maombi wakaanza kuniletea mizigo yao: mume mlevi, ng'ombe aliyeharibu mimba, mtoto aliyeanguka mtihani.

"Mama Chepkoech, ambia msichana atufungie na hii pia," walikuambia.

Nawe ulinijia uso ukiwa umechanua, ukaninong'oneza jina la mtu. Hebu fikiria, Mama, mgonjwa anapewa kazi na wagonjwa wenzake, tena anashukuriwa! Sisi tulifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nafurahi kuliko wote.

Lakini maombi yaliisha, kufunga kukabaki. Nilijua kabla yenu. Nilikuwa nikiketi mbele ya kimyet, ugali uleule ulionilea, nikashindwa hata kukata tonge. Sahani ikiwa tupu nilitulia. Ikiletwa imejaa niliogopa, nikaipitisha kwa wavulana mkiangalia pembeni. Sikujua naogopa nini, na nilikuwa mpweke sana.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Lori la majani ya chai lilishindwa na barabara, chai ikaozea kituo cha kuuzia, na mimi nikaanguka katikati ya mistari ya chai nikiwa na kikapu mgongoni. Ulinibeba wewe. Ulinibeba mpaka nyumbani bila kutweta, nikakusikia ukisema peke yako, "Mtoto mkubwa hivi. Mbona yeye ni mwepesi?" Hukuwa umenishika tangu nikiwa mdogo. Kwa baridi ya kwetu kila mtu anaishi ndani ya sweta, na sweta zangu zilikuwa zimekudanganya.

Ulinipeleka hospitali, na huko tulimkuta daktari mwanamke kutoka Nairobi. Alikuwa akifanya utafiti juu ya wasichana wanaoshindwa kula na jinsi ya kuwatibu. Alituambia bila kuzunguka kwamba moyo wangu ulikuwa unapiga polepole mno na kwamba ningeweza kufa. Kulikuwa na matibabu aliyokuwa akiyajaribu pamoja na wazazi wa wasichana hao, na hakujua mahali pengine karibu ambapo tungeyapata. Ila kwanza ilikuwa lazima ajue kama ugonjwa wangu ndio huo.

"Unaogopa kunenepa?" aliniuliza.

Nikasema hapana. Akageuza swali, akaliuliza kwa njia nyingine. Hapana tena. Nilikuwa nikisema kweli. Nikamwona anakunja uso, kwa sababu vitabu alivyosomea vilisema msichana wa aina hii ni lazima aogope kunenepa, na mimi sikuwemo. Ulikuwa umeketi kando ukishika mkoba wangu. Ukashindwa kunyamaza.

"Taktari, hapa kwetu nani ataogopa kunona? Mtu akinona tunasema Mungu amemkumbuka. Huyu anaogopa chakula yenyewe."

Hakukasirika. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti hadi magoti yetu yakakaribia kugusana. Akaniuliza jambo ambalo nadhani halikuwa kwenye karatasi zake. "Chepkoech, ukishiba, unajiona mtu wa aina gani?"

"Mwizi," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria.

"Umemwibia nani?"

Nikakutazama wewe. "Mama," nikasema. "Mama huwa hajala."

Daktari akasema ugonjwa ni uleule ila umeingilia mlango mwingine, na kwamba angezungumza na wakubwa wake ili wasichana kama mimi nao waingie katika utafiti. Matibabu, alisema, tungeanza mchana huohuo. Wewe na mimi tungekula meza moja, sahani sawa, wakati mmoja.

"Mimi?" ulishangaa. "Mimi si mgonjwa, taktari. Huyu ndio mgonjwa."

Nayaona mambo ya mchana ule kama ya jana. Muuguzi alileta ugali, sukuma na nyama, sahani mbili. Uliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa aende akalete chumvi. Halafu mkono wako ukafanya kazi uliyoizoea. Ulichukua nyama yako ukaiweka kwenye sahani yangu. Daktari akairudisha. Ukaiweka tena.

"Mama, usimgawie," alisema. "Usimbembeleze, usimgombeze. Kula yako, na usiondoke hapa."

"Sijui kukula mbele ya watu. Ni aibu."

"Najua ni aibu. Kula tu, Mama."

Ulikata tonge, ukageukia ukuta kidogo, ukala. Niliona taya lako likisogea. Niliona ulivyoona aibu, kama mimi, na bado ukameza. Sijui kwa nini hilo lilinipa nguvu. Nilikata tonge dogo, nikaliweka mdomoni, nikalia nalo, nikalimeza. Hukunipongeza, maana ulikuwa umekatazwa. Ulikata lako la pili.

Sitaki mtu atakayesoma barua hii adhani mambo yalikuwa rahisi kuanzia hapo. Kuna siku nilisukuma sahani ikaanguka, na kuna siku nilikuita mnafiki mbele ya wodi nzima. Kuna wiki tulirudi nyuma kabisa, daktari akaonekana amechoka kuliko sisi. Wauguzi walikutania, "Mama Chepkoech amekuja hoteli," ukacheka ukificha mdomo kwa leso, lakini hukuondoka. Tuliendelea hivyo, mlo baada ya mlo. Baba alipokuja kututembelea na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, alitukuta mezani. Alisimama na kofia mkononi, mzee wa watu, hajui aangalie wapi. Kisha akamimina kikombe cha kwanza akakupa wewe. Ulikipokea kwa mikono miwili, ukanywa chote, naye akamimina changu.

Tulirudi nyumbani barabara ilipokauka, na ukaendelea kuketi mezani hata baada ya kuruhusiwa kuacha. Wenzako walisema hospitali imekuharibu. Shemeji zako walikutazama vibaya. Ulikuwa ukijibu, "Ni dawa ya mtoto," wakanyamaza, kwa kuwa nani atapinga dawa.

Daktari alitufuatilia kama alivyoahidi. Alikuja Kimulot akaketi jikoni kwetu kwenye kigoda, akaniuliza maswali yake yote, nikajibu. Nilikuwa nimerudi shule, damu ya mwezi imerudi, nakula na wenzangu bwenini. Alifurahi sana. Alipokuwa akifunga mkoba alikugeukia, nadhani kwa adabu tu.

"Na wewe, Mama? Ile siku ya kwanza, ulisikia nini?"

Ulicheka. Ukachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Nilisikia njaa," ukasema.

"Njaa? Si ulikuwa unakula?"

"Ndio hiyo. Nilipoanza kukula ndio nilijua niko na njaa. Hiyo njaa niko nayo tangu niolewe."

Ulisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukainuka kumtafutia mgeni mayai ya kubeba. Daktari alibaki ameshika mkoba. Akaniambia polepole kwamba utafiti wake haukuwa na mahali pa kuandika jibu hilo.

Mama, mimi ni mzima. Hofu ile hunibishia hodi mara mojamoja nikichoka, nami naijua, naketi nakula nayo ikiwa palepale. Wanangu wananiona nikila, tena chakula kikiwa moto, na wakwe zangu wakicheka nawaacha wacheke. Ninachoshindwa kukizoea ni kwamba miaka yote ile ulikuwa na njaa nyuma ya ukuta wa udongo, tukakusikia, tukaiita wema. Nakuonea huruma iliyochelewa, na sina wa kumpa.

Mimi nimeandikwa. Mahali fulani huko kuna karatasi zinazosema msichana wa Kimulot aliugua, akatibiwa, akapona. Wewe hukuandikwa popote. Kwa hiyo nimekuandika hapa, watu wasome: Mama alikuwa na njaa, naye pia alipona.

Lala ukiwa umeshiba.

Binti yako,
Chepkoech