Wimbo Ambao Leonia Hakuuimba

Malangali, Sumbawanga
Tarehe 9 Juni 2025

Mdogo wangu Dominika,

Pokea salamu zangu na za Steven. Mimi ni mzima, nakula, nalala kidogo, nagomba kama kawaida. Baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na kuku hawataki kutoka bandani. Mguu wako unaendeleaje? Nimesikia umevimba tena na wewe bado unakwenda ufukweni kugeuza dagaa za watu. Mtu mzima hovyo. Kaa chini upone. Ile migebuka ya ziwani uliyotuma ilifika, ila aliyeifunga aliimwagia chumvi kama anahifadhi maiti. Tumeila hivyo hivyo.

Naandika mwenyewe, usidhani kuna mtoto ananiandikia. Kisomo cha watu wazima nilikimaliza wakati wewe unakimbilia ngoma, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa Steven mwanangu aliyefika kidato cha nne. Nimeandika kwa mkono wangu ili pasiwe na mtu katikati yetu, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu Leonia.

Najua umeshalisikia la upande mmoja. Steven amekupigia akakuambia nimemfukuza yule kijana Maximilian kwa fimbo, kwamba nimeharibu bahati ya ukoo, kwamba uzee umenikaa vibaya. Sasa sikiliza la kwangu, na usome mpaka mwisho, maana wewe una tabia ya kuanza kulia kabla hujaelewa.

Mtoto yule tulimlea mimi na wewe. Binti yangu Jovina alipofariki alimwacha anatambaa. Alishinda mgongoni kwangu nikitwanga, na mimi nasema ndiko alikoutoa ule mdundo wake, kwa sababu hata alipokuwa mkubwa, kwenye majukwaa yenye taa, alikuwa anapiga kisigino chini polepole vile vile, kama mtu mwenye kinu mbele yake. Likizo nilikuletea Kasanga. Huko marehemu shemeji Isdori akamfundisha gitaa, zile nyimbo za redio ya Kongo zinazovuka ziwa usiku. Nilimgombeza mumeo, nikamwambia unaniharibia mtoto. Akacheka akasema mtoto hawezi kuharibiwa na kitu anachokipenda. Si kweli, lakini nilimwacha, kwa kuwa mtoto alirudi kwangu amenenepa.

Kwenye kwaya ya parokia mwalimu Cornelius alimpokea, halafu akamtoa. Kisa, anavuta noti. Wenzake wamemaliza Amina, yeye bado yuko njiani, anapanda, anashuka, anakwenda zake Kongo anarudi. Waumini wakawa wanageuza shingo. Cornelius alinijia nyumbani akaniambia mtoto ana sauti ya pekee, ila si ya kwaya. Nikamuuliza ni ya nini basi, ya kuitia ng'ombe? Naye Leonia badala ya kuona haya akaenda kweli kwa wafugaji, wale Wasukuma waliohamia kule bondeni, akashinda harusini kwao, akarudi na namna ya kuimba kwa kutoa sauti tumboni ambayo ilinitia baridi. Akaichanganya na kwaya, na gitaa la Isdori, na maneno ya Kifipa niliyokuwa nambembelezea alipokuwa mchanga. Nikamwambia achague moja. Akaniuliza, kwani bibi, wewe ukila makande unachagua punje?

Yaliyofuata unayajua. Wimbo wa kwanza aliurekodi Mbeya, na redio hazikuupiga kwa sababu watangazaji hawakujua wauweke kipindi gani. Dini hapana, dansi hapana, bongo fleva hapana. Baadaye wakaupatia jina, wakasema ni muziki wa roho. Hapo tuligombana. Nilimwambia roho ni ya Mungu, utaiuzaje kwa tiketi? Akanijibu kwamba haiuzi, anawaazima tu watu, wakitoka wanamrudishia. Halafu akatunga ule wimbo wa kunivua nguo, "Bibi Anagomba", nchi nzima ikajua nina mdomo. Mpaka leo nikipita Mazwi vijana wa bodaboda wananiimbia. Nawatukana, nikikata kona nacheka peke yangu.

Akawa anaitwa Dar, anaitwa Nairobi, hata Ulaya alifika mara moja akarudi na kikohozi. Lakini kila Juni alikuja kuvuna. Hakutuma mtu wala hakutuma hela ya vibarua. Alikuja mwenyewe, akavaa gumbuti zangu, akaingia shambani, na jioni alikuwa anaimba huku anapukuchua mahindi, vidole vimemchubuka, anakosea maneno ya nyimbo zake mwenyewe.

Juni ya mwaka juzi alikuwa anatoka kwako. Ulinieleza jinsi alivyoimba pale Kasanga na wavuvi wakanyamaza kama wako kanisani. Gari likapinduka baada ya Matai, kwenye ukungu. Sitarudia. Wewe ulimwona mara ya mwisho ukimfungia samaki wa njiani. Mimi nilimwona amefungwa shuka. Tukamzika kando ya mama yake, tukamaliza matanga, nyumba ikafagiliwa, watu wakaenda kwao.

Lakini Dominika, mtu wa kawaida akifa ananyamaza. Huyu wetu hakunyamaza. Yuko dukani, yuko saluni, yuko kwenye bajaji iliyoegeshwa hapo nje. Jirani yangu simu yake ikiita, Leonia ndiye anayeimba, mwenye simu akipokea anamkata katikati ya neno. Mwanzoni nilikuwa nageuka kumtafuta. Baadaye nilizoea. Nilijiambia ni kama picha ukutani. Nyimbo zile aliziimba akiwa hai, zimebaki kama nguo zake zilivyobaki.

Sasa mwezi uliopita Steven akaniletea Maximilian. Unamkumbuka, yule kijana wa Mazwi aliyekuwa anamrekodi, aliyebeba msalaba siku ya mazishi. Ana adabu, hilo sikatai. Alikaa kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwepo. Akanieleza kwamba ana kompyuta iliyomsikiliza Leonia kila alichowahi kurekodi, mpaka kicheko, mpaka kupiga chafya, ikajifunza. Sasa inaweza kuimba wimbo ambao Leonia hakuuimba, kwa sauti ya Leonia. Ameshatengeneza mmoja, na yapo maneno ya kutosha kwa nyimbo nyingine nyingi. Ila hawezi kuutoa mpaka mimi nisaini, kwa kuwa mimi ndiye mzazi aliyebaki. Steven akadakia kwamba hivyo mtoto ataendelea kuishi. Nikamuuliza ataishi wapi, atalala chumba gani, na ugali wake nitampimia nani.

Halafu nikafanya jeuri yangu. Niliwaambia mimi hamnidanganyi kwa vyuma. Mtoto niliyembeba mgongoni nitamjua hata akikohoa gizani. Maximilian akasema basi, atapiga vipande viwili, kimoja ni cha Leonia kweli na kimoja cha mashine, nimwambie kipi ni kipi.

Cha kwanza kilikuwa kizito, kinakwaruza, neno la mwisho linadondoka kabla halijafika. Kikaja cha pili. Dominika, nilisogeza sikio. Pumzi yake, kule kuvuta kwake, namna alivyokuwa analionja neno la Kifipa kabla hajaliachia. Nikacheka kwa nguvu. Nikawaambia hicho cha kwanza ni bati tupu, kawapigieni mbuzi, na hiki cha pili ndiye mjukuu wangu. Steven akatazama sakafu. Maximilian akasema taratibu, "Bibi, cha kwanza ndiye yeye. Alikirekodi humu ndani mwako, akiwa na mafua."

Hapo ndipo nilipochukua fimbo. Hilo ni kweli, Steven hakukudanganya. Nilimfukuza mpaka barabarani, kitenge kikanidondoka, majirani wakapata cha kusema wiki nzima. Steven amekueleza alichokiona. Ambacho hakukiona ndicho kilichonifanya nitafute karatasi na kalamu.

Kesho yake Steven alipokwenda shambani, nilijifunga kitenge nikaenda Mazwi kwa miguu, mpaka kwa mama yake Maximilian. Nilimkuta kijana uani anakunywa chai. Nikamwambia aiwashe ile kompyuta. Akaniuliza ninataka wimbo upi. Nikamwambia sitaki wimbo, nataka aongee. Akaanza kujiumauma, kwamba haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwamba haitakuwa vizuri kwangu. Nilimgombeza, na unajua nikiamua kugomba. Mwisho akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike alichokuwa anasema mtoto akifika nyumbani.

Akaandika. Simu yake aliyoiunganisha na ile kompyuta ikasema, "Shikamoo bibi. Nimefika."

Unakumbuka tulivyofundishwa na mama. Aliyezikwa akikuita, huitikii. Unakaa kimya mpaka sauti ichoke yenyewe, kwa sababu ukiitikia umemfungulia, na yeye hajui tena njia ya kurudi. Baba alipofariki na sisi tukadhani tumemsikia akikohoa uani, wewe ulinifinya paja mpaka likaota alama, nisije nikajibu. Jambo hilo nimewafundisha watoto na wajukuu wote, Leonia naye nilimfundisha. Na mimi huyu huyu, mchana kweupe, uani kwa watu, nikasema, "Marahaba mwanangu. Ingia ndani, kuna baridi."

Sikufikiri. Mdomo ulinitangulia. Maximilian aliifunika simu kwa kiganja akaanza kulia, kijana mzima mwenye ndevu. Mimi sikulia. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikaitikia tena. Tulikaa hivyo mpaka chai yake ikaota utando.

Usiogope, hakuna mzimu uliokuja. Hakuna anayebisha mlango, hakuna anayetembea darini. Afadhali angekuja, ningemgombeza tukapatana. Lililonipata ni baya zaidi. Nikitaka kumkumbuka Leonia, alivyokuwa ananiita kutoka mpakani mwa shamba, alivyokuwa ananijibu jeuri nikimwambia avae sweta, anakuja yule wa kwenye simu. Safi kabisa, hana kikohozi, hana jeuri, hajawahi kuchoka. "Nimefika," anasema. Nimekwenda kukaa kaburini asubuhi nzima nikimwita kwa majina yake yote, la ubatizo na la utani, akaja yule yule. Nimemwitikia asiye wangu, na wangu simsikii tena. Mtoto huyu nilimzika mara moja, nilidhani inatosha.

Na bado kuna jambo ambalo Steven akilijua atanicheka mpaka adondoke. Sikumkatalia Maximilian. Siku ile uani nilimwambia arudi Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, mahindi yakishapukuchuliwa, aje na karatasi yake. Najua kwa nini nilisema hivyo, sitakudanganya. Si kwa ajili ya ukoo, wala bati la nyumba analoliimba Steven kila siku. Nataka aniamkie tena. Najua pia nikisaini itakuwaje. Kila mwaka kutakuwa na wimbo mpya wa Leonia, mzuri, umenyooka, na wajukuu wa watu watamjua huyo tu. Yule wa mafua, aliyevuta noti mpaka akafukuzwa kwaya, nitakuwa nimemfukuza mimi mara ya pili.

Sasa wewe hujaisikia hiyo mashine. Steven amesema atakutumia kwenye simu ya mjukuu wako. Usisikilize. Akikuwekea sikioni, mpige kofi, umwambie mimi ndiye niliyekuruhusu. Umebaki wewe tu, Dominika. Wewe ndiye uliyekuwa unamwigiza yule mtoto mpaka ananuna, anavyouliza "eti nini?" mdomo umejaa samaki, anavyoimba usingizi umemshika, anavyolia kwa uongo akipigwa. Nilikuwa nakukaripia kwamba unamdhihaki yatima. Leo nakuomba, na unajua mimi siyo mtu wa kuomba. Panda gari uje kabla ya Jumapili hiyo. Ukae hapa jikoni kwangu, umwigize. Umwigize vibaya vile vile ulivyozoea. Nikimpata, hata kwa neno moja, Maximilian akija nitamwambia hapana, na nitamwambia kwa upole bila fimbo, kwa sababu ni mtoto mwema na yeye pia amefiwa.

Usipokuja nitasaini. Najijua. Na jina langu naliandika vizuri.

Wasalimie watoto wote wa hapo, na yule mke wa mwanao anayeringa, naye msalimie. Njoo na sweta, na mwambie dereva akupe kiti cha mbele unyooshe mguu. Maharage yapo, ulezi upo, kitanda nimeshakitandika. Njiani wakimpiga kwenye redio ya gari, ziba masikio, hata wakuone mwendawazimu. Nataka ufike naye kama alivyokuwa.

Ni mimi dada yako,
Mariana