Bamemupiga Isidore Akiwa Anaimba

Pulchérie, niko hospitali hapa Baraka. Mi niko muzima. Damu yenye iko kwenye nguo yangu ni ya Isidore.

Ndiyo, ule Isidore wa televizio, mwenye kucheza mu filamu komanda wa baasi mwenye kuchoma manyumba. Alikuja kuimba wimbo wake mupya wa mapenzi, na mi nilikuwa namuitikia.

Papa moja, mukimbizi wa kambi ya Lusenda, akapanda jukwaani na kiti. Kiti ya mbao, Pulchérie! Akamupiga nayo mu kinywa. Meno mbili chini.

"Ulichoma nyumba yangu!"

Isidore analia: "Papa, mi niko acteur! Ile ni filamu tu!"

"Nilikuona na macho yangu!" Akamupiga tena.

Halafu bavijana bakamuangusha ule papa. Mateke, mawe. Balitaka kumuua mbele yetu.

Isidore akamulalia juu, akamufunika na mwili wake. Bakamuvunja mukono, hakutoka. Nakuambia, hakutoka!

Sasa hivi polisi bamemuuliza Isidore kama atashitaki. Amekatala na kichwa.

Ule papa, anaitwa Manirakiza, amesimama karibu na kitanda, amemuangalia sana. Ameuliza pole pole: "Basi mwenye kuchoma nyumba yangu iko wapi?"