Dume Langu na Kamera ya Advera

Jumapili, 9 Juni 2024

Nina miaka sabini na sita. Nimezika mapadri watatu, mbwa sijui wangapi, na daktari aliyeniambia nisipoacha ugoro simalizi mwaka. Ugoro ninao. Treni za moshi zilizopita hapa Usoke zimekufa, mimi nipo.

Leo binti yangu Advera kaja kutoka Dodoma, kaniachia kamera. Ndogo, inaingia mfuko wa shati. Lenzi yake pana – nimesimama mlangoni tu nikapata nyumba nzima ya jirani, kuku wote, na mke wangu Rustika akikimbia asipigwe picha. Advera kasema, baba, ukikikaribia sana kitu kinavimba, na cha nyuma yake kinasinyaa. Nikamwambia sifundishwi kuona. Nilianza kuona kabla hajazaliwa.

Jumanne, 11 Juni

Nimepiga kila kitu. Sufuria. Stesheni. Mguu wangu. Rustika akipepeta mchele, kwa karibu – pua imejaa kama kiazi. Kasema picha hiyo ikionekana kanisani nitajipikia mwenyewe.

Sasa kuna jambo. Kitinda mimba wangu, Deus, anataka kumuoa Kabula wa Choma, kule Igunga. Mahari ni ng'ombe. Baba yake Kabula, Mzee Xavery, kamtuma Gerson mshenga wetu: nitumieni picha kwanza, nisije nikapanda basi mpaka Usoke kuangalia mbavu. Mbavu! Za ng'ombe wangu! Na Gerson kasema kuna kijana mwingine wa huko huko kashaanza kupeleka salamu. Deus hali. Nikamwambia kula, mpiga picha yupo.

Ijumaa, 14 Juni

Leo zamu ya Injini, dume langu. Nikakumbuka maneno ya Advera – kitu cha karibu kinavimba. Si ndicho nilichokuwa natafuta? Nikachuchumaa mbele ya pua yake mpaka lenzi ikalowa. Kichwa kimetoka kama cha kifaru. Mitamba nao vivyo hivyo.

Deus kasema, baba, mbona nyuma hakuna kitu? Nikamwambia mkwe anaangalia mbele. Kazihamishia kwenye simu, kazituma.

Jumatatu, 17 Juni

Gerson kaleta jibu la Choma, hata kukaa hakukaa. Mzee Xavery kaita wenzake, wamezikuza zile picha mpaka simu ikazima. Wanasema ng'ombe wa nyumba hii wana ugonjwa wa vichwa. Kichwa cha nyati, makalio ya mbuzi. Wanauliza kama unaambukiza.

Watu waliozaliwa zizini!

Deus kaenda kukaa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Rustika kasema, Baba Advera, si useme tu ni kamera. Nikisema ni kamera, wataniita mwongo. Nikinyamaza, ng'ombe wagonjwa. Dawa ni picha nyingine.

Jumatano, 19 Juni

Nimempiga Injini picha ya ubavuni, kasimama ukingoni kabisa mwa picha. Kumbe ukingoni lenzi inavuta. Katoka mrefu kama behewa. Deus kasema hii tusitume, baba, nakuomba. Nimebonyeza mwenyewe, kwa kidole changu.

Jioni Gerson kapiga simu. Mzee Xavery anasema huyu siye yule wa kwanza, tumeazima. Anakuja Jumamosi. Akikuta uongo, Kabula anakwenda kwa yule mwingine.

Jumamosi, 22 Juni

Kafika. Mfupi, kofia, fimbo. Tukasimama, kila mmoja akingoja shikamoo ya mwenzake. Nikasema nina sabini na sita. Kasema na yeye hiyo hiyo. Tukapeana mikono tu.

Kaingia zizini, simu mkononi. Kaangalia picha, kamwangalia Injini. Kapima kichwa kwa shubiri, kainua mkia. Deus jasho linamtiririka. Halafu mzee kasema, mnyama mzuri huyu, kwa nini ulimfanya mgonjwa?

Nikafuta lenzi kwa shati. Rustika ndiye kajibu: mzee wangu, ng'ombe hana kosa, mwenye kichwa kikubwa ni mpigaji.

Mzee Xavery kacheka mpaka kofia ikaangukia samadi. Halafu kasema, hebu nipige na mimi. Akasogea mwenyewe, karibu kabisa. Kajiona – kifua kama mlango wa kanisa. Kaitazama hiyo picha zaidi kuliko alivyomtazama ng'ombe. Kasema sasa tupigwe wawili, ya kutundika sebuleni.

Deus kauliza, mzee, kwa hiyo ng'ombe umewapokea? Kajibiwa, picha kwanza.

Deus kashika kamera. Mzee kasogea mbele. Nikasogea. Kasogea tena. Siwezi kuwa mdogo kwenye zizi langu. Deus anasema, rudini nyuma wazee, naona videvu tu. Hakuna aliyerudi.

Nimeingia ndani kuvaa koti la Krismasi, ndipo naandika. Dirishani namwona mgeni, kagandia pale pale kwenye lenzi. Deus kaja kuninong'oneza: baba, rudi nyuma hatua moja tu, nioe.

Hatua moja. Bado nafunga vifungo.

Atakayebisha haya amuulize Rustika, yuko kwenye kigoda kashika mbavu kwa kucheka. Au amuulize Injini, kasimama nyuma ya mgeni, na kwenye picha hii hata pembe yake haitaonekana.